Kuwa Tayari Kufa si Kutaka Kufa

Somo: 1 Wafalme 19:1-8, Wafilipi 1:20-26, Matendo 16:25-34



Kuna maneno ambayo mzee akiyasema kanisani, sisi wote tunajibu "Amina" bila kufikiria. Baba anasimama wakati wa ushuhuda anasema, "Mimi nimechoka na dunia hii, nangoja tu Bwana anichukue." Mama anasema, "Kazi yangu imeisha, nataka kwenda nyumbani." Tunapiga makofi. Tunasema huyu ameiva, huyu hana tena hamu ya mambo ya dunia. Halafu tunaimba wimbo wa mbinguni na ibada inaendelea.

Wiki hii nataka tusimame kidogo kwa hayo maneno. Swali langu ni hili: mtu wa Mungu akisema anataka kwenda, tunajuaje kama anaongea imani ama anaongea kukata tamaa? Na kama ni kukata tamaa, sisi tulio karibu naye tuna deni gani?

Swali hili si la darasa la theolojia peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hufa kila mwaka kwa kujiua. Tukisikia hivyo tunawaza vijana, na ni kweli vijana wako hatarini. Lakini katika sehemu nyingi za dunia, walio na miaka 70 na zaidi ndio wenye kiwango cha juu kabisa. Mzee hujaribu mara chache kuliko kijana, lakini akijaribu, mara nyingi hatupati nafasi ya pili. Mwili wake ni dhaifu, anaishi peke yake, na mara nyingi ameshapanga bila kumwambia mtu. Kwa hivyo nafasi yetu iko mapema, wakati bado ni maneno tu. Na maneno yenyewe anayaleta hapa kanisani, sisi tunayaitikia Amina.

Wawili waliokuwa tayari, na wawili waliochoka

Biblia inatupa watu wa aina zote mbili, na inafaa tuwaweke kando kwa kando.

Simeoni, katika Luka 2, ni mzee anayemwambia Bwana kwamba sasa anaweza kumruhusu aende kwa amani. Lakini angalia alipo wakati anasema hivyo. Yuko hekaluni, kati ya watu, amemshika mtoto mikononi. Anaenda kwa sababu ameona kitu kizuri. Paulo, katika Wafilipi 1, anasema wazi kwamba kuondoka na kuwa na Kristo ni bora zaidi. Lakini katika pumzi hiyo hiyo anasema kubaki kunahitajika kwa ajili ya wale ndugu, na anajua atabaki. Paulo anaitamani mbingu na bado ameshikana na watu.

Sasa mtazame Eliya chini ya mretemu. Ametoka kushinda Karmeli, lakini amekimbia, amemwacha mtumishi wake nyuma, ameingia jangwani peke yake, na anamwomba Mungu aitwae roho yake. Anasema yeye si bora kuliko baba zake. Haya pia ni maombi. Yametoka kwa nabii, yameelekezwa kwa Mungu wa kweli. Mtu akiyasikia kwa haraka angesema Amina. Lakini Eliya hazungumzi kuhusu anakoenda. Anazungumza kuhusu anachokimbia, na kuhusu thamani yake iliyoisha.

Na kuna Ahithofeli, katika 2 Samweli 17. Huyu alikuwa mshauri ambaye neno lake liliheshimiwa kama la mtu aliyeuliza kwa Mungu mwenyewe. Ukisoma 2 Samweli 11:3 pamoja na 23:34 utaona kwamba huenda alikuwa babu yake Bathsheba, yaani alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Siku moja shauri lake halikufuatwa. Akatandika punda, akarudi mjini kwake, akaweka mambo ya nyumba yake sawa, akajitoa uhai. Watu waliomwona njiani waliona nini? Mzee amerudi nyumbani mapema. Waliomwona akipanga mambo yake waliona nini? Mzee mwenye busara anapanga boma lake. Hakuna aliyeuliza.

Nikiwapima hawa wanne naona tofauti tatu ambazo tunaweza kuzitumia. Kwanza, aliye tayari kufa anasema anamwendea nani. Anayetaka kufa anasema anatoroka nini. Pili, aliye tayari anamwachia Mungu saa. Anayetaka kufa ameanza kuwaza saa yake mwenyewe. Tatu, na hii ndiyo nzito, aliye tayari bado anaona watu wanamhitaji. Anayetaka kufa ameshaamini kwamba watu watapumua akiondoka.

Lakini sitaki tudanganyane. Moyo wa mtu si daftari lenye safu mbili. Mzee mmoja anaweza kuwa na tumaini la mbinguni na kukata tamaa ya duniani kwa wakati mmoja, na akatumia la kwanza kufunika la pili. Kwetu sisi walokole ni rahisi zaidi, kwa sababu kusema "nimekata tamaa" kunaonekana kama kukosa imani, lakini kusema "nangoja Bwana" kunaleta makofi. Ndiyo maana hatuwezi kukisia. Ni lazima tuulize.

Hesabu ya uchakavu

Neno ambalo nalisikia sana nikitembelea wazee ni "mzigo". "Sitaki kuwa mzigo kwa watoto." "Hizi dawa zangu ndizo karo ya wajukuu." Mwanasaikolojia Mmarekani Thomas Joiner ameandika kwamba hamu ya kufa hukua pale mambo mawili yanapokutana: mtu kujiona mzigo, na mtu kujiona hana kwao. Mzee wetu anaweza kuyapata yote mawili kwa mwaka mmoja. Amestaafu kazi ya serikali akiwa na miaka 60. Mke ameaga. Watoto wako Nairobi, wengine wako nje. Magoti yanauma, macho yanafifia, kikao cha ukoo sasa kinaongozwa na wadogo wake. Simu inalia tu wakati kuna mchango wa matanga.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma, na huko nilifundishwa hesabu moja inayoitwa uchakavu. Kampuni inanunua gari. Kila mwaka inapunguza thamani ya hilo gari vitabuni, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka linabaki karibu sufuri. Halafu linafutwa. Gari linaweza kuwa bado linatembea, lakini vitabuni limeisha.

Hesabu hiyo ni nzuri kwa magari. Shida ni kwamba tumeipeleka nyumbani. Baba alipokuwa analipa karo, alikuwa na thamani kamili. Alipostaafu, tukapunguza. Alipoanza kusahau majina, tukapunguza tena. Leo tunamsalimia mlangoni tukielekea kwa mambo ya maana. Na yeye ana akili, anaiona hesabu yetu. Baada ya muda anaikubali, anaanza kujipunguza mwenyewe. Mzee akisema "mimi ni mzigo", mara nyingi hajabuni hilo neno. Amelisoma kwa vitabu vyetu.

Lakini hata wahasibu wana kitu ambacho hawakipunguzi. Ardhi. Shamba haliwekewi uchakavu, kwa sababu haliishi kwa kutumika. Basi kama mhasibu asiyemjua Mungu anatambua kuna kitu ambacho miaka haikipunguzii thamani, sisi tunaosema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu tunawezaje kumweka mtu katika orodha ya magari? Mfano wa Mungu hauchakai. Mtoto mchanga hana kazi anayofanya, na hakuna anayemwita mzigo kwa dharau. Tunambeba kwa sababu ni wetu. Mwandishi wa Zaburi ya 71 alimsihi Mungu asimtupe wakati wa uzee, nguvu zake zitakapopungua. Maombi hayo Mungu anapenda kuyajibu kwa mikono ya watu.

"Lakini si ameshaishi?"

Kuna hoja ambayo watu wanaisema chini chini: mzee wa miaka 80 ameshakula chumvi nyingi, anaumwa, kama amechoka si tumwache? Si maisha ni yake?

Nachukulia hoja hii kwa uzito, kwa sababu wakati mwingine inasemwa kwa huruma. Ni kweli hatulazimiki kumshikilia mtu kwa mashine wakati Mungu anamwita. Mzee mwenye ugonjwa wa mwisho akiamua na familia na daktari kwamba anataka kupumzika nyumbani, apunguziwe maumivu na aombewe, hiyo si dhambi na si kujiua. Lakini tunaposema "ameshaishi" kuhusu mtu aliye na huzuni inayotibika, tumeficha jambo. Kijana wa miaka 20 akituambia anataka kufa, hatumwambii maisha ni yake. Tunakimbia. Tukikimbia kwa kijana na kukaa kwa mzee, basi tofauti haiko kwa uhuru wao. Iko kwa hesabu yetu ya uchakavu.

Na ule uhuru wenyewe tuuchunguze. Mtu ambaye halali, hali, ana maumivu, na hajaongea na mtu tangu Jumapili, je, anachagua ama anasukumwa? Maneno ya Eliya ya jangwani hayakuwa neno lake la mwisho. Alikula, akalala, akala tena, akatembea siku 40. Mungu alimpa kazi nyingine, akampa Elisha wa kutembea naye. Kama kuna mtu angemkubalia Eliya ombi lake pale chini ya mretemu, Israeli ingempoteza nabii ambaye bado alikuwa na safari.

Tuangalie nini

Huzuni ya mzee haiji kila mara na machozi. Mara nyingi inakuja kama mwili: tumbo, mgongo, kichwa, kukosa usingizi, chakula hakipiti. Utafiti wa nchi kadhaa umeonyesha kwamba wazee wengi waliojiua walikuwa wameonana na mhudumu wa afya muda mfupi kabla. Walienda wakasema mgongo. Hakuna aliyeuliza kuhusu moyo.

Angalieni mzee aliyeacha vitu alivyopenda: haendi tena kwa ng'ombe wake, haji ushirika wa nyumbani, redio imezimwa. Angalieni aliyeacha dawa zake za presha ama sukari bila sababu, ama anaziweka akiba badala ya kuzimeza. Angalieni anayegawa vitu vyake vya thamani ghafla, anayewaaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, anayeanza kulewa uzeeni. Angalieni miezi ya kwanza baada ya kufiwa na mume au mke, baada ya kutoka hospitali, baada ya kuambiwa ana ugonjwa mkubwa, baada ya kesi ya shamba na watoto wake mwenyewe. Wanaume waangaliwe zaidi, kwa sababu ndio wanaokufa zaidi na ndio wanaosema kidogo zaidi. Na mtu aliyekuwa na huzuni nzito akitulia ghafla bila sababu, msifurahi haraka. Msogelee.

Kuandika wosia si dalili mbaya, nawasihi wote muandike. Lakini kama wosia unakuja pamoja na kujitenga, kutokula na maneno ya mzigo, mkumbuke Ahithofeli.

Namna ya kuuliza

Wengi wanaogopa kwamba ukitaja kujiua utampa mtu wazo. Utafiti umeonyesha hapana. Kuulizwa kwa upole humpa mtu nafasi ya kutua kitu alichokuwa amebeba peke yake.

Najua kwetu kuna heshima. Mkwe hawezi kumwuliza baba mkwe jambo kama hili, na kijana akimwuliza mzee ghafla anaonekana hana adabu. Basi tutumie heshima hiyo hiyo. Mtafute wa rika lake, mzee wa kanisa aliyekaa naye miaka mingi. Ama omba ruhusa kwanza: "Baba, niruhusu nikuulize jambo gumu, kwa sababu nakupenda. Juzi ulisema umechoka, Bwana akuchukue. Umechoka namna gani? Kuna wakati unafikiria kujiua?" Tumia neno lenyewe. Ukizunguka, na yeye atazunguka.

Halafu nyamaza usikilize. Usimkemee, usimhubirie, usimwambie ahesabu baraka. Malaika hakumhubiria Eliya. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale. Mazungumzo yalikuja baadaye.

Akisema ndiyo, ama akisema ameshapanga, usimwache peke yake hata kwa saa moja, na usiahidi kuficha siri. Mwambie mtu wa familia anayemwamini. Dawa za shambani zifungiwe, funguo zikae na mtu mwingine, na vidonge vya nyumbani vishikwe na anayemhudumia. Watu husema aliyeamua ataamua tu. Si kweli. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali zaidi za kunyunyizia mimea, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa karibu asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Saa ile mbaya hupita, na mtu akiivuka, mara nyingi hairudi kwa nguvu ile ile. Kisha mpeleke hospitali, na umwambie daktari waziwazi kilichosemwa, si "mgongo" peke yake. Ukikwama, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya haitozi malipo, na Befrienders Kenya wanasikiliza kwa 0722 178 177.

Imani, dawa na aibu

Kuna wanaouliza: tunaita daktari, je, maombi yameshindwa? Musa, katika Hesabu 11, alilemewa mpaka akamwomba Mungu amuue. Mungu hakumwambia ana pepo, wala hakumvua huduma. Alimpa wazee 70 wa kubeba naye. Kama jibu la Mungu kwa Musa lilikuwa watu, basi daktari, muuguzi na jirani wanaweza kuwa jibu la maombi yetu. Omba, na upige simu. Mkono mmoja hauzuii mwingine.

Familia nyingi zimeficha kwa hofu ya sheria. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtu angeweza kufungwa mpaka miaka miwili. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Wengine wanaficha kwa hofu yetu sisi wachungaji, kwamba tutakataa kuzika. Kujiua si mapenzi ya Mungu, na sitalainisha hilo. Lakini Ahithofeli alizikwa katika kaburi la baba yake, na Biblia haikuongeza hata neno moja la kumlaani. Hukumu tumwachie Mwenyewe. Familia iliyofiwa hivyo iletewe chakula na watu wa kukaa nao, kama familia nyingine yoyote.

Sasa nirudi kwa deni niliyouliza mwanzo. Yule askari wa gereza la Filipi alidhani wafungwa wametoroka. Kwa dakika moja kazi yake, heshima yake na mwisho wake mwema vyote vilikuwa vimeenda, akachomoa upanga. Paulo alikuwa gizani, mgongo una vidonda, na bado alipaza sauti kubwa kumzuia asijidhuru, akamhakikishia kwamba hakuna aliyeondoka. Hilo neno ndilo lililomwokoa: watu bado wapo. Mzee anayesema amechoka anahitaji kulisikia kutoka kwetu, na anahitaji liwe kweli. Halitakuwa kweli kama tunamtembelea Krismasi peke yake.

Kwa hivyo kila ushirika wa nyumbani uandike majina ya wazee walio karibu, hasa wanaoishi peke yao, na kila jina lipewe mtu wa kulitembelea kila wiki. Usiende na unga peke yake. Nenda na ombi pia. Mwambie shosho awafundishe wasichana kuomba kwa kilugha chake. Mwombe mzee awaeleze vijana kanisa hili lilianzaje. Pokea shilingi hamsini anayotoa kwa mchango, usimrudishie kwa huruma. Anayepewa tu kila siku huamini kwamba yeye ni mzigo.

Na Jumapili mzee akisimama kusema amechoka, anangoja Bwana amchukue, semeni Amina kama mnataka. Lakini baada ya ibada mtu mmoja amfuate mpaka nje, amshike mkono, amuulize amechoka namna gani.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni mzee gani katika mtaa wetu ambaye hajaonekana kwa wiki mbili? Nani ataenda kwake kabla ya Ijumaa?
2. Ni maneno gani tunayasema nyumbani yanayomfanya mzee ajione mzigo?
3. Soma 1 Wafalme 19:1-18. Mungu alimfanyia Eliya nini kwanza, na nini baadaye? Kwa nini kwa utaratibu huo?